Kupanda Chawia Kuutazama Mti wa Babu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa jirani utakuwa umeshaongezwa chumvi. Kwa miaka miwili nilimkataza shangazi yangu wa Wusi kuukata mti wa babu, na mti wenyewe sikuwa nimeuona tangu niwe mtoto wa kubebwa mgongoni. Kila akinipigia simu kwamba mti unakausha chemchemi na watu wanahangaika na maji, nilimjibu vilevile: msiuguse mpaka nije. Babu aliniachia mimi lile shamba la ukingoni mwa msitu wa Chawia, kwa hiyo neno langu lilisimama. Kuja ndiko sikuja. Kutoka Voi ni safari ya asubuhi moja, lakini mimi nashona yunifomu nyumbani na kila siku ina sababu yake.

Jirani yangu Mama Nekesa, mtu wa Bungoma ambaye mumewe anafanya kazi reli, alinisikia kwenye simu ya mwisho. Hakuuliza kama naweza. Aliniambia tunaenda Jumamosi, nitafute viatu.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka. Viatu nilivyopata ni vya kanisani. Vingine vyangu vyote ni ndala.

Mwatate tulikunywa chai, tukachukua bodaboda mbili kupanda Wusi. Kila kona baridi iliongezeka. Sisi watu wa Voi baridi tunaijua kwa kusimuliwa, na mimi nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi. Mama Nekesa alikuwa na sweta. Alinitazama, akafunga vifungo vyake vyote.

Saa tatu kasorobo Shangazi Wakesho alitupokea barabarani, jerikeni tupu mkononi. Alinisalimia kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Nilijibu nusu, nusu nikacheka. Akamwambia Mama Nekesa kwamba hivi ndivyo Voi inavyorudisha watoto wa watu.

Njia yenyewe haina ubaya. Unapita kati ya mahindi na migomba, kisha unaingia msituni ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye giza. Miti ni minene, imevaa kuvu na mimea ya kutambaa, na chini ni majani laini ya miaka mingi. Mwinuko ni wa taratibu. Mtoto wa darasa la pili angeuweza, na Mama Nekesa alilisema hilo kila niliposimama kutazama ndege. Ndege wenyewe sikuwaona. Nilikuwa natafuta pumzi.

Saa nne tulifika kwenye fighi, kichaka ambacho wazee wa zamani walikitenga, hakikatwi hata kijiti cha mswaki. Shangazi alishusha sauti, nasi tukashusha. Alisema wazee waliilinda miti hii kwa sababu inashika maji. Nikatikisa kichwa kwa fahari, nikamnong'oneza Mama Nekesa kwamba mti wa babu nao ni wa aina hii, wa asili kabisa. Shangazi alisikia. Akaendelea kutembea.

Kutoka hapo kuna mwamba wa kukalia. Ukikaa unaona tambarare yote ya Mwatate, mistari ya katani kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ningebaki pale mpaka jioni. Niliinuliwa kwa mkono.

Saa tano tuliteremka chemchemini. Wanawake wanne walikuwa wamekaa na madumu, wakingoja zamu. Maji yalitoka membamba kama uzi, na hatua chache juu yake ulisimama mti mmoja mrefu, gome jeupe linabanduka, unanuka dawa ya kifua. Pua yangu ilijua kabla ya macho. Mkaratusi, mti wa kuletwa, mnywaji mkubwa wa maji.

"Babu yako aliupanda apate nguzo za nyumba," Shangazi aliniambia. "Alikuwa aukate mwenyewe. Akazeeka kabla."

Basi miaka miwili nilikuwa namlindia babu kitu alichokusudia kukikata. Wale wanawake walinitazama, wala si kwa hasira, kwa uchovu. Nililigusa gome, nikamuomba babu radhi moyoni, nikasema ukatwe.

Mwenye msumeno wa injini alitokea nyuma ya migomba upesi mno. Nilielewa kwamba alikuwa amengoja tangu asubuhi. Mti ulianguka kabla ya saa saba, upande wa shamba, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama Nekesa aliwashinda wote kwa sauti. Shangazi alisema maji hayatarudi leo wala wiki hii, lakini mvua zikija tutaona, na pale juu watapanda miti ya huku. Tulikula makande kwake, nikaazimwa sweta ya kurudia.

Saa kumi tulikuwa Voi, kwenye joto letu. Mlangoni pangu, visigino vinawaka, nikajaribu kuhitimisha safari kwa maneno ya maana. Nilisema nimejifunza kwamba kupenda wakubwa wetu kunaweza kutuziba macho, na kwamba yote niliyofanya niliyafanya kwa kumpenda babu.

Mama Nekesa alikuwa anavua viatu.

"Mama Mghoi, si babu uliyekuwa unampenda," alisema. "Ulikuwa unapenda kukaa."