Begi la Kukimbia Nalo

Mzee Otuoma hakumpenda mkamwana wake Roza, na hakuwahi kujisumbua kulificha jambo hilo. Akiamkiwa shikamoo asubuhi aliitikia marahaba huku akimtazama tumbo, kisha anageuza shingo kama mtu aliyefunua sufuria akakuta tupu. Roza alikuwa ameolewa miaka mingi na hajazaa. Kwa mzee hilo lilitosha. Alikwisha kumtafutia mwanawe mke wa pili kwao Rorya, binti wa rafiki yake, anaitwa Awuor, na kila jioni Okwach akirudi kazini alisomewa sifa zake: ana afya, ana adabu, mama yake amezaa mpaka akachoka mwenyewe.

Okwach hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa mtu wa kujikuna kichwa. Baba akisema, yeye anajikuna. Mke akilia chumbani, anajikuna vilevile. Ndoa ya Roza ilikuwa imesimama hapo. Siku Okwach atakapoacha kujikuna na kusema "sawa, baba," itakuwa imekwisha, na Roza alilijua hilo kama alivyojua njia ya kwenda bombani. Kwa hiyo alipika, alifua, alisalimia kwa kupiga goti, akamwomba Mungu. Na katika maombi yake, tuseme ukweli, si mara zote alimwombea mzee maisha marefu.

Walikaa mlimani, hapa Mwanza, katika moja ya ile mitaa ambayo nyumba zimejibana katikati ya mawe na mtu akitoka mlangoni analiona ziwa lote lakini maji ya kunywa anayanunua kwa ndoo. Juu ya nyumba yao lilikuwepo jabali. Watoto waliteleza juu yake, kina mama walianika dagaa, wachumba walikaa chini yake jioni. Masika ya mwaka ule maji yakaanza kuula udongo uliolishikilia, hadi mtu akawa anaingiza mkono mzima kwenye ufa uliokuwa wa kidole. Watu wa serikali wakaja, wakatazama, wakapiga picha, wakasema hameni. Tuhamie wapi, walipoulizwa, wakatazama saa zao.

Ndipo ofisi ya mtaa ikamtuma Modesta, dada wa kujitolea aliyehudhuria semina ya maafa, apite nyumba kwa nyumba akifundisha watu kufunga begi la dharura. Rimu ya gari ikatundikwa kwenye mti karibu na kanisa. Ikigongwa mfululizo, mtu ashike begi na kushuka mbio.

"Mama, hapa hatuhami, tunakimbia," alimwambia Roza, akiwa amekaa kwenye kigoda uani. "Begi liwe la siku chache tu, mpaka msaada ufike. Ukishalifunga, libebe mgongoni upande nalo mpaka kwenye tangi la maji, urudi. Ukihema, punguza. Kila unachotia humo jiulize, hiki kitaniokoa au nakipenda tu?"

Roza aliipenda kazi ile. Mwanamke asiyesifiwa kwa lolote hufurahia jambo ambalo akilifanya vizuri linaonekana. Alitafuta begi la shule la mgongoni, akashona upya mikanda yake. Akatia tochi na betri zake zikiwa nje ya tochi, zisije zikaisha bure. Akatia maji ya chupa, kopo la maziwa, sufuria ndogo, karanga za kukaanga, biskuti, glukozi, kipande cha sabuni, kiberiti alichokifunga kwenye nailoni mara mbili, nakala za vyeti, kanga moja, sweta la Okwach, na dawa za kichwa na za tumbo. Akapanda nalo hadi kwenye tangi. Akahema. Akatoa lile kopo la maziwa na ile sufuria, akapanda tena, na safari hii akarudi akiimba.

"Na vyangu?" mzee akauliza kutoka mlangoni kwake.

Hapa ni lazima tuseme alikokaa mzee. Alikuwa na chumba chake cha pembeni chenye mlango wake, upande wa juu, chini kabisa ya jabali. Okwach alitaka alale ndani na wao. Mzee alikataa katakata: tangu lini Mjaluo akalala chini ya paa la mwanawe? Kiharusi kilikuwa kimemwua mguu na mkono wa kushoto, lakini mila zake zote zilikuwa nzima. Okwach ndiye aliyemwogesha alfajiri kabla ya kwenda kiwandani. Roza aliweka chakula kizingitini na kurudi nyuma. Mkamwana hagusi mwili wa baba mkwe, hakai kitandani kwake, haingii akiwa amelala. Roza mwenyewe ni binti wa Rorya, hakuhitaji kufundishwa.

"Vya mzee viingie humohumo," Modesta akasema. "Dawa za presha na nguo moja."

Mzee nusura asimame kwa ule mguu uliokufa. "Nguo zangu na nguo za mke wa mwanangu, begi moja? Nguo za ndani? Wewe binti ni kabila gani? Unataka kutuletea chira, laana ya kuvunja mwiko, tuishe mmoja mmoja?"

Basi mzee akafungiwa lake peke yake, na lake halikuwa begi, lilikuwa sanduku la bati. Alitaka litiwe suti yake nyeusi na viatu vyeupe alivyovinunua Kisumu zamani, nguo alizokuwa amejiwekea za kuzikiwa.

"Mzee," Modesta akasema akijizuia kucheka, "hili ni begi la kuishi."

"Ukifika umri wangu utajua lipi ni la haraka zaidi," mzee akajibu. Kisha akamtazama Roza. "Na hao wa kunirithi mimi siwaoni hapa. Acha nijifungie mwenyewe."

Roza alicheka kwa midomo. Usiku hakulala.

Likabaki swali la nani atambeba. Okwach alisema yeye. "Na ukiwa kazini?" Roza akauliza. Okwach akajikuna kichwa, akaenda kuzungumza na jirani, Shimba, Msukuma mwenye mabega mapana anayeponda kokoto nyuma ya nyumba yake. Shimba akaapa: akiitwa tu, atambeba mama yake begani huku na mzee begani kule. Wakapeana mikono. Mzee akaridhika, na jioni hiyohiyo akarudia habari za Awuor. Safari hii akataja mwezi. Masika yakiisha, alisema, wataenda kuonana na wazazi. Na Okwach, kwa mara ya kwanza, mkono wake ulikawia kufika kichwani. Roza aliuona mkono ule ukikawia.

Mvua ile ilianza alfajiri, Okwach akiwa keshashika njia ya kwenda kiwandani Nyakato. Ilinyesha asubuhi nzima. Karibu na mchana rimu ikalia, si ile ya kuita watu mkutanoni, ikalia ovyo, kama anayeigonga amepagawa. Roza akavaa begi mgongoni. Mikanda ikakaa vizuri. Begi lilikuwa jepesi kiasi kwamba alijishika bega kuhakikisha lipo.

Alipita mlangoni kwa mzee. Mlango ulikuwa wazi na mzee alikuwa sakafuni, amejiburuta hadi kizingitini, kanzu yake imelowa tope. Juu yake jabali lilitoa sauti, sauti ndogo tu, ya mchanga unaomwagika.

"Mama," mzee akasema.

Miaka yote alimwita "huyu". Akitaka maji alisema "huyu alete maji." Leo huyu amekuwa mama.

"Mama, nibebe." Akanyoosha mkono ule ulio mzima. "Nibebe mwanangu, tushuke."

Roza alisimama na mvua ikimpiga usoni. Mzee alikuwa amekonda, alikuwa mifupa na kanzu. Kila siku Roza alipandisha ndoo ya maji iliyojaa kupitia njia ileile, na hapa ilikuwa ni kushuka tu. Angeweza. Alijua kwamba angeweza, na kujua kule kukampa utamu ambao hakuwahi kuuonja tangu aolewe.

"Baba," akasema kwa heshima zote, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa, "mimi ni mkamwana wako. Siwezi kukugusa."

"Achana na mila! Mila gani sasa! Nimekuruhusu!"

"Nisije nikaleta chira katika nyumba hii, baba. Ngoja namwita Shimba."

Akashuka. Nyuma yake mzee aliita kwa Kijaluo, akamwita kwa jina lake, Roza, Roza, jina ambalo labda hakuwahi kulitia kinywani. Njia ilipita mlangoni kwa Shimba. Mlango ulikuwa wazi, na Roza alimwona ndani amempa mgongo, anamfunga mama yake mgongoni kwa shuka huku bibi akigombana naye kwa Kisukuma kuhusu kuku wake. Palikuwa karibu. Angekohoa tu, Shimba angegeuka. Roza akapita, mdomo umefumbwa.

Alikuwa keshafika kanisani jabali lilipoachia. Wale walioliona walisema lilianza taratibu. Lilipita juu ya chumba cha mzee na nusu ya nyumba, likakwama kwenye mawe mengine chini, na tope likafuata.

Walilazwa kwenye madarasa ya shule ya msingi bondeni. Hapo begi la Roza likajipatia jina. Wakati wengine wamekaa na nguo zilizolowa mwilini, yeye alikuwa na sweta kavu, kiberiti kikavu, tochi inayowaka. Alimgawia mama yake Shimba biskuti. Modesta akawaita watu waje watazame: hivi ndivyo begi linavyofungwa. Shimba alikuwa amejikunyata pembeni, amejishika kichwa.

"Shemeji, kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita, Shimba," Roza akasema polepole. "Nilikuita sana. Ni mvua ile."

Shimba akalia mbele ya watu, mwanamume mzima na mabega yake. Alikuwa ameapa, na tangu siku hiyo hakuweza kumtazama Okwach usoni. Roza alimwonea huruma, kweli alimwonea, lakini huruma ile haikumfungua kinywa.

Mzee alipofukuliwa, sanduku lake la bati lilikutwa limebonyea bila kupasuka. Wakamvika suti yake. Gari la msiba likapita Igoma, likashika barabara ya Musoma, na humo ndani Okwach akamwuliza mkewe lile swali ambalo Roza alikuwa akilingoja.

"Alisema nini mwishoni?"

"Alisema nisimguse," Roza akajibu. "Alisema nisivunje mwiko kwa ajili yake."

Okwach akalia kwa fahari. "Baba yangu," akasema. "Ndivyo alivyokuwa baba yangu."

Neno lile lilifika Rorya kabla hata kaburi halijakamilika. Wazee walilirudia kwenye viti vyao, wakatikisa vichwa. Wanawake ambao zamani walimkatia Roza jicho wakampisha kwenye mkeka, wakamsogezea mto. Binti mmoja mpole alipewa kazi ya kumtunza mfiwa: alimletea uji asubuhi, maji ya kuoga jioni, akamkanda miguu bila kuambiwa. Roza hakukumbuka lini alitunzwa hivyo. Alikula, akanenepa kidogo msibani, Mungu amsamehe, na akaanza kuamini kwamba amevuka.

Baada ya mazishi ukoo ukakaa. Mdogo wa marehemu, Gidion, akasimama na fimbo yake.

"Nimesikia mengi kuhusu wanawake wa mjini," akasema. "Wanavaa suruali, wanawaita wakwe zao kwa majina. Huyu wetu kifo kilikuwa kinamshukia kichwani, na bado akakumbuka mwiko. Wangapi kati yenu mngeweza? Mimi nasema hakuna mwanamke anayeshika mila kumzidi huyu katika ukoo wetu."

Vigelegele vikapigwa. Roza aliinamisha kichwa.

"Sasa," Gidion akaendelea, "kaka yangu ameacha neno. Okwach, wewe unalijua. Baba yako akiwa hai uliweza kumzungusha, maana aliye hai unaweza kumwambia ngoja. Amekufa. Neno la marehemu linangojwa mpaka lini? Na mwenye kulikubali kwanza ni mke mkubwa, ndivyo tulivyokuta. Namwuliza Roza mbele yenu. Wa mjini wangesema hizo ni mila zilizopitwa na wakati. Yeye hawezi kusema hivyo."

Watu wote wakamgeukia. Roza alimtazama mumewe. Mikono ya Okwach ilikuwa juu ya magoti, imetulia kabisa, haiendi kichwani. Akatafuta jambo la kusema. Angesema mila si lazima, na hapo hapo angeulizwa, kama si lazima, mbona mzee hukumbeba? Alisikia jasho likimshuka mgongoni, mahali pale begi lilipokuwa limekaa.

"Neno la marehemu halipingwi," akasema.

Gidion akaketi ameridhika, akamwita mtu kutoka jikoni. Akaja yule binti wa uji, anajifuta mikono kwenye kanga, akapiga magoti mbele ya Roza, macho chini kwa adabu.

"Mimi Awuor," akasema. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," Roza akaitikia, na macho yake yakashuka yenyewe hadi kwenye tumbo la binti.