Alifuta namba ya nyangumi, akanyamaza miaka kumi na moja

Saa moja kasorobo asubuhi, mwezi Januari, na nje bado ni giza. Aidah Babirye anashuka kwa lifti mita ishirini na mbili chini ya mwamba, anawasha taa za ukanda wa tatu, na kabla hata hajavua koti anamsalimia nyangumi.

"Umeamkaje?" anasema kwa Kiswahili huku akivuta glavu.

Anayesalimiwa ni taya lenye urefu wa mita sita, limelazwa juu ya fremu ya chuma. Chini yake pana sinia ya bati, na ndani ya sinia kuna mafuta kiasi cha kijiko kimoja, rangi yake ni ya chai iliyokolea. Nyangumi huyu aliuawa mwaka 1912. Mifupa yake haijaacha kutoa mafuta mpaka leo.

"Watu wanafikiri nawatania," anasema Aidah. "Nawaambia huyu amekufa zaidi ya miaka mia na bado anatoka jasho. Wananijibu, sawa Aidah, sawa. Basi nimeacha kuwaambia."

Aidah ana miaka 59. Anaishi peke yake Rissne, vituo viwili vya treni kutoka Sundbyberg, na ni msafishaji katika ghala la makumbusho moja ya Stockholm ambayo yameomba yasitajwe jina. Ghala lina mifupa ya nyangumi kumi na tisa. Kazi yake ni kuipangusa kwa kitambaa kikavu, kumwaga mafuta ya kwenye sinia, kupima yametoka kiasi gani na kuandika kwenye daftari. Maji ni marufuku. Sabuni ni marufuku zaidi, na tutafika huko.

Kwa kazi hiyo ya robo tatu ya siku analipwa krona elfu kumi na tisa kwa mwezi kabla ya kodi, na nusu inamezwa na kodi ya nyumba. Lakini si mshahara anaoulalamikia. Analalamikia harufu.

Mafuta ya nyangumi yananuka samli iliyochacha iliyofungiwa kabatini pamoja na dagaa. Yanaingia kwenye nywele na kwenye kitambaa cha kichwani. Aidah ana vitambaa vya kazini na vya nyumbani, na bado akipanda treni jioni kiti cha pembeni yake hubaki kitupu mpaka Rissne.

"Mwanzo niliona haya," anasema. "Halafu nikaangalia vizuri. Hapa hata ukinukia asumini hakuna mtu anakaa karibu na wewe. Nikatulia."

Anacheka, lakini hacheki muda mrefu.

Alizaliwa Masaka, Uganda. Kiswahili alikiokota Nairobi alikoishi miaka saba akishona nguo, na alifika Sweden mwaka 2006 kumfuata mumewe, Muzamiru, ambaye moyo ulimsimama miaka minne baadaye. Binti yao wa pekee, Rita, anaishi Skärholmen, upande wa pili wa jiji, ana kazi nzuri ya benki na hana muda. Aidah humwongelesha Kiswahili, Rita humjibu Kiswidi, na mazungumzo huisha kwa "tutaongea, mama."

"Anajua nafagia mahali," anasema. "Mahali gani, hajawahi kuuliza."

Mifupa hii ilifikaje chini ya mwamba wa Stockholm? Jibu lake ni refu na halipendezi. Kwa karne kadhaa watu wa kaskazini waliwinda nyangumi kwa mashua na mikuki ya kurusha kwa mkono, wakapata mafuta ya kuwashia taa. Katika miaka ya 1860 Mnorwe mmoja alikamilisha mzinga wa kufyatua mkuki wenye baruti, na kuanzia hapo hata nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote waliopata kuishi, hakuwa na pa kukimbilia.

Walipowamaliza wa kaskazini wakaenda kusini mwa dunia. Kwenye kisiwa cha Georgia Kusini vilijengwa vituo vya kuchinjia na kuchemshia. Mafuta yakawa sabuni, yakawa majarini ya kupaka kwenye mkate. Katika miaka ya 1920 zikaja meli zilizokuwa viwanda vizima, zinamvuta nyangumi ndani kwa mkia na kummaliza papo hapo baharini. Katika karne ya ishirini pekee waliuawa karibu milioni tatu.

Kisha biashara ikafa, na wasikudanganye kwamba wafanyabiashara waliingiwa na huruma. Meli zilianza kurudi nusu tupu, mafuta ya mimea yakawa rahisi, kampuni moja baada ya nyingine ikafunga. Marufuku ya kimataifa ya uwindaji wa biashara ilianza kufanya kazi mwaka 1986, wakati vituo vya Georgia Kusini vilikuwa vimeshaota kutu miaka ishirini. Norway, Iceland na Japani wameendelea kuwinda, kwa kiasi kidogo. Nyangumi wa buluu waliopo leo bado ni sehemu ndogo tu ya idadi yao ya zamani.

Aliyelala mbele ya Aidah ni mmoja wa hao wa buluu, jike. Wawindaji wa kituo waliandika kwa wino mweusi kwenye kila mfupa wake mkubwa: herufi za kituo, tarehe, na namba 41, kwa sababu alikuwa wa arobaini na moja kuuawa msimu ule. Wafanyakazi wa ghala humwita hivyohivyo, Arobaini na Moja.

Namba hiyo ndiyo iliyomkosesha Aidah usingizi miaka kumi na moja.

Alianza kazi ghalani Februari 2013, akitokea kusafisha korido za hospitali. Aliambiwa afagie sakafu na apanguse rafu. Wiki ya pili aliona kwenye rafu pingili moja ya uti wa mgongo, karibu na mkia, nyeusi kwa vumbi na mafuta yaliyoganda. Hakuvumilia.

"Kwetu mwanamke anajulikana kwa sufuria zake," anasema. "Mgeni akiingia jikoni anaangalia matako ya sufuria, si sura yako. Nikajiambia, Aidah, mkubwa wa hapa akija akute hii uchafu, atasema umelala. Nikachukua maji ya moto, sabuni ya vyombo, na ile waya ya kusugulia. Nikasugua saa nzima. Maji yakatoka meusi, mimi nafurahi."

Pingili ikatoka nyeupe pe. Akairudisha kwenye rafu na kusubiri sifa.

Siku nane baadaye msimamizi wa ghala, Gunilla Ekwall, aliwakusanya wafanyakazi wapya na kuwaonyesha maandishi ya wino kwenye mfupa mwingine. Akawaambia kwamba mfupa ukipoteza maandishi umepoteza kila kitu, haujulikani ni wa nani, ulitoka wapi, mnyama aliuawa lini. Aidah alikuwa amesimama nyuma. Kiswidi chake kilikuwa bado kidogo, ila hilo alilielewa lote.

"Nikajua nimefanya nini," anasema. "Nilikuwa mjane, mtoto yuko shule, kazi nimepata juzi. Nikanyamaza."

Mwaka uliofuata mifupa ilipangwa upya. Waliokuwa wakiipanga walipoikuta pingili haina namba waliipeleka kwenye rafu ya chini kabisa, kona ya mwisho, palipowekwa mifupa isiyojulikana asili yake. Kwenye orodha ya Arobaini na Moja wakaandika: pingili moja haipo. Aidah alikuwepo, ameshika ufagio, anaangalia.

Tangu hapo kila Ijumaa, akimaliza kazi zote, alikuwa akienda kwenye kona ile kuipangusa pingili moja tu. Hakuna aliyemtuma.

Ukimuuliza kwa nini, haanzi na mfupa. Anaanza na jina lake. Kwa Baganda, Babirye ni jina la pacha wa kike aliyetangulia, na anayemfuata huitwa Nakato. Ukijitambulisha Babirye nyumbani, mtu anakuuliza papo hapo, na Nakato yuko wapi?

"Nakato alifariki 2016, na sikuenda kumzika, karatasi zangu zilikuwa ofisini zinasubiri muhuri," anasema. "Hapa watu wananiita Babirye miaka yote hii na hakuna hata mmoja ameuliza mwenzangu yuko wapi. Hawajui kama kuna swali. Sasa mimi niliitenga ile mfupa na wenzake, halafu naenda nyumbani nakula. Si vizuri."

Oktoba iliyopita ilitoka habari kwamba ghala litafungwa mwezi Juni na mifupa kuhamishiwa ghala jipya. Arobaini na Moja ataunganishwa mzima na kutundikwa kwenye ukumbi mpya wa maonyesho. Mifupa isiyo na asili haitahamishwa. Itapelekwa maabara ikatwe kwa msumeno, vipande vifanyiwe uchunguzi. Gari la maabara lingekuja Ijumaa ya katikati ya Novemba. Kwa wasafishaji wawili waliopo, ghala jipya lingekuwa na nafasi ya mmoja.

Aidah alijua hesabu yake. Akisema, anampa msimamizi sababu ya kumwacha. Akinyamaza, pingili inakwenda kwenye msumeno.

Jumatano kabla ya Ijumaa hiyo alimfuata Gunilla ofisini na daftari mkononi. Alisema yote kwa Kiswidi alichokuwa amekiandaa kwenye treni. Gunilla alimsikiliza mpaka mwisho. "Wao wakinyamaza hujui kama amekasirika au anafikiri," anasema Aidah. "Afadhali angenigombeza."

Mwishowe Gunilla aliuliza swali moja: una ushahidi gani kwamba ni ya Arobaini na Moja?

Aidah akafungua daftari. Miaka kumi na moja ya Ijumaa. Mifupa mingine yote ya kona ile hutoa mafuta meupe au haitoi kabisa. Pingili ile hutoa mafuta ya rangi ya chai, na katika ghala zima ni nyangumi mmoja tu mwenye mafuta hayo. Wakashuka pamoja, wakaibeba pingili kwa toroli mpaka ukanda wa tatu, wakaiweka kwenye pengo karibu na mkia. Iliingia kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Nililia," anasema Aidah. "Sikujificha. Gunilla aliangalia ukutani mpaka nikamaliza, ndiyo adabu yao."

Gunilla, aliyezungumza na mwandishi wa makala haya kwa simu, anakiri alikasirika sana. "Kosa ni kubwa, na maandishi yale hayarudi," anasema. "Lakini mimi nimesimamia ghala hili miaka ishirini na sikujua rangi ya mafuta yao. Yeye alijua."

Pingili imepata kadi mpya. Namba 41, Georgia Kusini, 1912. Mstari wa chini, kwenye nafasi ya aliyetoa taarifa, pameandikwa: Aidah Babirye, msafishaji.

Nafasi ya kazi imekwenda kwa mwenzake. Gunilla anasema uamuzi ulitoka juu na ulizingatia umri na mashine mpya za kusafisha hewa. Aidah hajui kama aamini, na ameamua hataki kujua. Ana kazi mpaka Juni, baada ya hapo ataanza upya kutafuta, akiwa na miaka sitini.

Mpango alio nao kwa sasa ni mmoja. Ukumbi utafunguliwa Septemba na ameshamwambia Rita aombe ruhusa kazini siku hiyo. Rita alijibu kwa Kiswidi kwamba ataangalia. Kisha, kwa mara ya kwanza, akauliza: kuna nini huko?

"Nikamwambia njoo usome kadi," anasema Aidah. "Pingili ya nne kutoka mkiani. Asome mwenyewe."

Anamwaga mafuta ya asubuhi kwenye gilasi ya kupimia, anaandika namba, anakunja kitambaa. Ukumbini, anasema, wataweka kamba kuzunguka mifupa na hakuna mgeni atakayeruhusiwa kugusa. Amekubali. Atalipa kiingilio na kusimama nyuma ya kamba na wengine.

"Lakini kitambaa nitakuwa nacho kwenye mkoba," anasema. "Nani atampangusa siku akitoka jasho?"