Asmani na Mifuko ya Hewa

Katika Rumonge nzima hapakuwa na dereva aliyejua gari kumshinda Asmani. Ukibisha, mwulize Asmani mwenyewe. Kamioneti aliyoendesha ilikuwa ya Bi Kulthumu, mjane muuza mawese, naye alishamwambia wazi: gari likikwama tena njiani na mzigo, ufunguo atapewa mwingine. Asmani hakuwa na shamba wala mtumbwi. Alikuwa na ufunguo ule tu.

Miezi miwili kabla ya uhuru, Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifunga virago aliwauzia Asmani na Bi Kulthumu mifuko miwili ya mpira, ya kukaa juu ya ekseli kando ya springi, ikijazwa hewa ili gari lililopakia lisikalie matako. Alimweleza Asmani kwa subira: jaza hewa kabla ya kupakia, pande zote sawa, ukishusha mzigo, punguza, ukishuku inavuja, paka maji ya sabuni utazame povu. Na usizidishe mzigo, kwani mifuko haiongezi nguvu ya ekseli. Asmani aliitikia kila neno, maana mjuzi kama yeye hana haja ya kusikiliza.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Gari lilibeba mapipa manane bila kuinama, basi akapakia kumi na mawili. Kisha akaona mpira unakauka kwa vumbi. Rumonge kitu kikikauka, dawa inajulikana: mtoto hupakwa mawese, mlango unaolia hupakwa mawese. Kila Ijumaa baada ya swala akawa anaingia chini ya gari na kikombe, anaisugua mifuko mpaka inang'aa. Bi Kulthumu akawatambia majirani kwamba dereva wake ana huruma na mali ya watu.

Siku tatu kabla ya uhuru, hapo Muhuta, barabara inapopita ukingoni mwa ziwa, mfuko wa kushoto ukapasuka. Gari likalala upande, mapipa mawili yakaenda kuogelea ziwani. Sylvestre, fundi wa kuziba mipira, aliubonyeza mfuko ule. Ulikuwa umevimba na kulainika, unanuka.

"Nani alipaka huku mawese?"

"Kwani iko mubaya?"

"Muzee, mafuta inakula mupira! Hii inaoshwa na maji na sabuni, basi. Na mapipa kumi na mbili! Unabeba mafuta ama unahamisha Rumonge?"

Asmani aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini akisema kweli, ufunguo ungekwenda. Bi Kulthumu alipofika, akamwambia:

"Ule muzungu alituuzia mupira ya kufa, Mama. Alijua anaenda zake."

Wiki ile Mbelgiji angeweza kusingiziwa hata mvua kukosekana. Bi Kulthumu aliamini kabla maneno hayajaisha, akamlaani muuzaji, akamsifu dereva, akaagiza mifuko mipya kutoka mjini Usumbura.

Ilipofungwa, alikuja mwenyewe na kigoda, na debe zima la mawese.

"Ile ya muzungu ilikosa mafuta tangu zamani, mwanangu. Hizi tuanze mapema. Paka, usifanye choyo."

Asmani akajilaza chini ya gari, ufunguo mfukoni ukimchoma paja, akapaka.