Taa Inayopiga Hodi

Mume wangu wanamwita Polepole, na msidhani ni jina la sifa. Alipewa na wateja wake, wale wanaokuja kudai feni zao na kuzikuta bado mezani, matumbo wazi, naye akiwatazama kwa upole na kuwaambia, "Bado haijaniridhisha." Mimi ni fundi cherehani. Nikikata kitambaa asubuhi, jioni mtu anavaa. Mungu alituunganishaje sisi wawili, mwenyewe ndiye ajuaye.

Yeye anatengeneza vitu vyake chumba cha mbele, na mimi nashona pembeni yake. Ana sheria moja ambayo imenichosha tangu tuoane. Kabla hajagusa chombo chochote cha umeme wa ukutani, anachomoa plagi na kunipa niishike. Si niiweke chini, jamani, niishike mkononi! Nimewahi kupinda sketi ya bibi harusi huku plagi ya pasi ya mtu imenibana kwapani.

"Umeme hauna mjomba," ananiambia. "Anayeshika plagi lazima awe mtu asiyetaka nife."

"Usiwe na uhakika sana," namjibu siku akiniudhi. Anacheka mpaka miwani inamteleza.

Sasa, mwanamume huyu ana mama, na mama huyo ni mtu wa watu. Anakaa peke yake mtaa wa nyuma, na sebule yake haijawahi kukosa mgeni. Lakini masikio yake yalianza kuziba kidogo kidogo, hadi watu wakawa wanapiga hodi, wanachoka, wanaondoka. Siku moja jirani aligonga weee, akaingiwa na hofu, akaita vijana, wakavunja mlango. Walimkuta jikoni anamenya viazi.

"Kulikoni?" aliwauliza. "Mnafukuzwa?"

Sisi tulicheka. Shemeji yangu, mtoto wa kwanza wa mama huyo, hakucheka. Yeye anaishi mji mwingine, ana nafasi na ana moyo mzuri, sitamsingizia. Alipiga simu akasema, "Jumapili nakuja kumchukua mama. Leo mmemkuta anamenya viazi. Siku nyingine mtamkuta ameanguka, na wageni wake watakuwa wameshagonga na kurudi kwao."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Kweli inauma. Mama mkwe alipoambiwa, alikuja kukaa jikoni kwangu akalia bila sauti. "Kule kwake nitatunzwa," alisema, "lakini nani atakuja kunisalimia? Nani ananijua kule?" Mimi nikalia naye. Polepole alisimama mlangoni, akatutazama, akarudi mezani kwake.

Kesho yake akaanza kutengeneza taa. Kitufe cha kengele kikae nje ya mlango wa mama, mtu akibonyeza, taa iwake sebuleni aione. Basi si uunganishe waya uende zako? La hasha. Kitufe kile, aliniambia, kitaguswa na watu wenye mikono mibichi, wengine wametoka kufua, kwa hiyo umeme wa ukutani usifike kabisa huko mlangoni. Kitufe kizungumze na bodi ndogo yenye chipu, kompyuta ya ukubwa wa kibiriti, inayokula umeme dhaifu usioweza kumdhuru hata kifaranga. Bodi nayo iiamrishe rilei. Hiyo rilei ni swichi ya kisanduku ambayo badala ya kidole hubonyezwa na sumaku, unaisikia inasema tik. Upande mmoja umeme dhaifu, upande wa pili umeme wenye nguvu, na katikati havigusani.

"Kama mkwe na mkwe," nikamwambia. Akasema ndiyo, hivyo hivyo, kila mtu na heshima yake.

Wiki nzima alijaribu kwa balbu ya tochi na betri. Nilikuwa nachemka. Mwanzoni ikawaka wakati hakuna mtu mlangoni na kuzima mtu akibonyeza, akacheka peke yake, akarekebisha maagizo ya bodi. Ijumaa ikaanza kutii. Nikarusha mkasi wangu juu ya meza. "Basi ipeleke! Kaka yako anakuja keshokutwa, wewe bado unachezea tochi!"

Hakukasirika. Hakasiriki huyu, ndiyo maana nakasirika kwa niaba ya wawili. Aliigeuza rilei akanionyesha tumbo lake, nukta za risasi ya kulehemu zimekaa uchi. "Hapa ndipo moto wa ukutani utakapopita. Mama anafuta vumbi kila kitu. Unataka kidole chake kipite hapa?"

Nikashika plagi.

Aliweka vyote ndani ya boksi gumu la plastiki, ukuta katikati, fyuzi pale moto unapoingilia, na waya akaubana ili ukivutwa usichomoke ndani. Kwanza alikuwa ameipa rilei waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme. Akafungua tena, akaweka waya wa moto, ule unaouleta, kwa sababu, alisema, ukikata nyutro taa inazima lakini moto bado unakaa pale kwenye balbu unamsubiri mtu. Jumamosi akaifunga kwa mama yake. Akamshika mikono, akamsemea usoni polepole, "Mama, ukitaka kuigusa, hata kwa kitambaa, chomoa plagi kwanza." Mama akarudia maneno kama mtoto wa shule. Tukatoka, tukabonyeza, akaja kufungua anacheka.

Jumapili shemeji akafika, begi tupu kubwa ndani ya gari. Tukasimama mlangoni watatu. Polepole akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Nilimwona mume wangu jasho linamtoka puani. Shemeji hakusema "si niliwaambia," na afadhali angesema. Alitoa ufunguo wake mfukoni akafungua, kama afanyavyo siku zote.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya taa, anaisugua kwa kitambaa. Plagi ameilaza mezani vizuri. Alipotuona juu ya kichwa chake alishtuka mpaka akashika kifua.

"Mama! Plagi!" Polepole akamwonyesha.

"Si umesema nichomoe? Wageni wanakuja, taa iwe na vumbi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu amefunza usalama, akafunzika! Polepole naye akacheka, akachomeka plagi, akamwonyesha kibalbu cha kijani kwenye boksi. "Ukimaliza kufuta, rudisha. Hiki kikiwaka, ujue iko macho." Mama akaitikia kwa kichwa. Lakini shemeji alikuwa ameshika mgongo wa kiti, haangalii mtu.

"Kusanya nguo, mama," akasema. Mama hakusikia neno, lakini alilisoma midomoni. Nilimwona akijikunja pale pale sakafuni.

Hasira ikanipanda. "Shemeji, toka nje."

"Nini?"

"Toka nje upige hodi, kama mtu aliyelelewa na mama huyu."

Akamgeukia mdogo wake. Polepole, ambaye kwa maisha yangu yote naye hajawahi kunijibu kabla sijauliza mara ya pili, akasema papo hapo, "Toka, kaka."

Akatoka. Tukafunga mlango. Tik, ndani ya boksi, na taa ikawaka.

Mama aliiona. Aliinuka, akajifuta mikono, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. Hakukimbia. Alitembea kama mwenye nyumba, akafungua mlango, akamtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka usoni kana kwamba hajamwona mwaka mzima.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Karibu sana. Hawajambo nyumbani? Pita ndani, umetoka mbali."

Tangu masikio ya mama yazibe, shemeji alikuwa akimwingilia kwa ufunguo na kumshtua kwa nyuma, na kila safari salamu yao ilianza na woga. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, hata mimi mwenye mdomo. Alisimama kizingitini, mwanamume mzima mwenye mvi, kidevu kinamcheza.

"Hawajambo, mama," akasema, akiyatamka maneno polepole ili ayaone. "Nimekuja kukusalimia tu."