Gurudumu la Chini

Nilikuwa motari wa njia ya Kiwanja. Kwenye pikipiki yangu nimebeba mifuko ya maharagwe, wagonjwa, maharusi, na siku moja jeneza dogo lililofungwa kwa mipira ya mizigo. Kisha lori moja, kwenye mteremko wa Munigi, likachukua mguu wangu wa kulia chini ya goti. Sitaeleza zaidi, ajali za barabara ile zinafanana.

Tangu nitoke hospitali, mke wangu hakuwahi kukiona kisiki cha mguu huo. Nililala na suruali ndefu. Nilioga mlango ukiwa umefungwa. Akileta maji ya moto nilimwambia ayaache nje, naye aliyaacha, tukaendelea kuishi hivyo katika nyumba yetu ya mbao pale Katoyi, kama wapangaji wawili wanaoheshimiana.

Aliyeniingiza kwenye mambo ya mishale ni mama kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa Butembo aliyenifundisha kutembea na mguu wa plastiki. Kituo chao cha mazoezi kilikuwa kimepewa upinde wa kisasa, ule wenye gurudumu dogo kila ncha na kable mbili, nyuzi ngumu zinazopita kando ya kamba. Mwanzoni ni mzito kuuvuta. Magurudumu yakishazunguka, uzito unapungua ghafla, unaweza kutulia na kulenga. Sisi wagonjwa tulipiga tukiwa tumekaa kwenye viti.

"Ukishika upinde," aliniambia, "hakuna mwenye ataangalia muguu."

Nilimwamini.

Magurudumu yale yanapaswa kufika mwisho pamoja. Moja likichelewa, mshale unaenda unakotaka wenyewe. Ili kulirekebisha, unaubana upinde kwa presi, kibanio chake, mpaka kable zilegee, unaitoa kable ya gurudumu linalochelewa, unaisokota kidogo ili ifupike, unairudisha. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe, maana kable za klachi na za breki nimezirekebisha miaka mingi. Mama kine alinionya jambo moja tu: "Mwenye kuvuta hawezi kuona magurudumu vizuri. Mutu mwingine aangalie kwa pembeni."

Nikasema sawa, na sikumwita mtu. Ukiwa umekaa, gurudumu la chini linakuja palepale kwenye goti. Kumwita mtu kungekuwa kumwambia aje apige magoti, aweke uso wake karibu na kile nilichokuwa nakificha. Basi nilikadiria.

Jumamosi moja kituo kilialika watu waje kutuona tukilenga. Motari wenzangu wa zamani walikuja, wakaegesha pikipiki kando ya ukuta. Mke wangu alikaa nyuma na wamama wengine. Nilivuta. Kitanzi cha kable, ambacho sikuwa nimekikalisha vizuri mahali pake, kilichomoka, na upinde ukalia kama risasi. Katika mji wetu sauti ya namna hiyo haingojewi maelezo. Watu wote walilala chini, wamama wakawafunika watoto kwa miili yao. Mimi nilianguka pamoja na kiti juu ya mawe ya volkano, mguu wa plastiki ukachomoka, ukaviringika na kiatu chake hadi mbele ya watu.

Walipoelewa, waliinuka polepole wakijipangusa vumbi jeusi. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Motari wawili niliozoea kugombania nao abiria walininyanyua, mmoja kwapani, mwingine mapajani, kama mtoto anayepelekwa kulala. "Pole, muzee, pole," walisema. Suruali ilikuwa imepanda. Kisiki kilikuwa wazi, cheupe kwa poda niliyokipaka asubuhi.

Mke wangu alikuja bila kukimbia. Aliuokota ule mguu, akaniwekea karibu. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, akakitandaza mbele yangu kama pazia, uso wake ameuelekeza kwa watu.

"Mumuache avae," alisema.

Nilivaa nyuma ya kitambaa kile. Hakugeuka hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko kuanguka. Alijua sitaki anione, na hata pale, mbele ya watu walioniona wote, alikuwa bado ananitii.

Sikurudi kituoni. Baada ya majuma kadhaa mama kine akaja nyumbani na upinde, presi ndogo ya mkononi na kable mpya. Alisema magurudumu hayakupinda. Akanywa chai, akaenda zake.

Vyombo vile vilikaa mezani mpaka Jumapili. Tulipotoka misa, mke wangu alivitazama, akauliza, "Juu ya nini ilichomoka?"

"Sikuita mutu wa kuangalia."

"Juu ya nini haukuita?"

Nilichukua kable mpya, nikaanza kuikunjua. Alingoja, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Papa wa batoto, miye niko mutu."

Tulivitoa vyombo uani, tukafunga kable mpya, kisha nikakaa kwenye kiti, nimeuvua mguu wa plastiki kwa sababu ulikuwa unanichoma. Mbele yetu tuliweka gunia la kulenga, lililojaa matambara. Alitazama suruali iliyoning'inia. "Nguo itashikwa na kable," alisema. Ilikuwa kweli. Nikaikunja mwenyewe mpaka juu ya goti, macho nimeyaelekeza ukutani.

Alipiga magoti. Niliisikia pumzi yake kwenye ngozi. Niliweka mshale, nikavuta.

"Ya juu imefika. Ya chini iko inachelewa."

Nilirudisha kamba polepole. Tukabana presi, nikasokota kable, yeye akashika kitanzi hadi kikakaa. Nikavuta tena, bado. Tukarudia. Safari iliyofuata aliangalia muda mrefu, mikono yangu ikaanza kuchoka.

"Hapa walishona vibaya," alisema.

"Walikuwa na haraka."

"Iko inauma?"

"Wakati wa mvua."

Akarudisha macho kwenye magurudumu. "Yamefika pamoja. Piga."

Nilipiga. Mshale uliingia pembeni mwa gunia, lakini uliingia.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kituoni. Mmoja wa wale motari walioninyanyua alikuwepo, amemleta mgonjwa. Nilimwomba aniangalizie magurudumu kabla sijapiga. Alipiga magoti bila kuuliza, akaangalia, akasema yako sawa. Masikio yaliniwaka muda wote alipokuwa pale chini. Sikumwambia ainuke.