Fundi Aliyenaswa na Kamera Aliyoifunga Mwenyewe

Saa moja na nusu asubuhi, Sombetini. Twahir Jabiri amelala chali ndani ya teksi ya mteja, miguu nje, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Mkono mmoja unapapasa kisanduku cha fyuzi, mwingine unavuta waya mwembamba ulioshuka kutoka juu ya kioo cha mbele. Mwenye teksi amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anahoji kama hakimu.

"Fundi, hii inaona mbele tu?"

"Mbele na nyuma."

"Usiku inasoma namba za gari?"

"Likiwa karibu inasoma. Likiwa mbali usijidanganye, hata wewe huzisomi."

"Na sauti je? Inachukua tunachoongea humu ndani?"

Mkono wa Twahir unasimama. Anatoa tochi mdomoni, anajiinua taratibu mpaka anakaa kitako.

"Inachukua kila neno," anasema. "Hilo nakuhakikishia kuliko yote."

Jirani yake, Solomoni, anayechomelea bomba la moshi hatua tatu kutoka hapo, anakohoa kikohozi ambacho kwa hakika hakikuletwa na moshi. Twahir anarudi chini ya dashibodi bila kumtazama.

Ana miaka thelathini na minne. Baba yake alitoka Kondoa akaja kutafuta maisha, yeye akazaliwa hapa hapa Sombetini na kukua na watoto wa Kiarusha. Umeme wa magari ameufanya kwa miaka kumi na mbili. Kamera za gari zimeanza kumletea wateja miaka hii ya karibuni: madereva wa watalii, teksi, watu binafsi waliochoka kusingiziwa barabarani. Hufunga tatu au nne kwa wiki, na ufundi wake ni shilingi elfu thelathini kwa kila moja.

"Watu wanachagua kwa ukubwa wa kioo," anasema. "Mimi nauliza kwanza, gari lako linalala juani au kivulini? Kamera yenye betri ndani, jua la mchana mwezi mmoja tu, imevimba kama andazi. Pili, usiniletee memori kadi uliyoitoa kwenye simu. Kamera inaandika na kufuta kutwa nzima, hiyo kadi itakufa kabla ya sikukuu."

Waya haupitishi juu juu kama wavivu wengi wanavyofanya. Anauzungusha nyuma ya puto la usalama lililofichwa kwenye nguzo ya mlango, ili siku ya ajali puto lisije likaurusha usoni mwa dereva. Kwa kazi, kijana huyu hana doa. Lililomvua nguo ni jingine, na kulisimulia kulimchukua chupa mbili za soda.

"Andika tu," alimwambia mwandishi mwishowe. "Labda fundi mwenzangu akisoma ataacha funguo za watu mezani."

Mwezi wa sita alikuja kwake Mwalimu Naisiae, mama wa miaka sitini na saba, mstaafu wa Ngaramtoni anayefuga ng'ombe watatu wa maziwa na kulima mahindi. Mwaka mmoja nyuma, bodaboda ilimgonga kwa nyuma akiwa amesimamisha gari njia panda. Watu walijaa, na wote kwa sauti moja wakasema bibi ndiye mwenye makosa. Hata wanawe walimshauri aache kuendesha.

"Nataka shahidi," alimwambia Twahir. "Nikisema nilikuwa nimesimama, kiwepo kitu kitakachosema nilikuwa nimesimama."

Walikaa saa nzima wakichagua. Akachukua ya mbele na nyuma, isiyo na betri, yenye kunasa sauti. Siku ya kufunga, Ijumaa, aliliacha gari saa mbili asubuhi pamoja na chupa ya lita mbili za maziwa. "Haya ni yako, mwanangu. Kazi ya kuinama inachosha."

Kufika saa tano, kamera ya mbele ilikuwa inafanya kazi. Ya nyuma ilibaki kuunganishwa tu, kazi ya nusu saa. Lakini Mwalimu alikuwa ameambiwa aje saa tisa. Na hapo ndipo simu ya Twahir ilipoita.

Alikuwa Mzee Said wa Themi, baba yake Salha. Salha ni fundi cherehani, na Twahir alikuwa ameshapeleka posa, anasubiri jibu. Mzee alitaka kujua kama kuna teksi ya bei nafuu ya kumfikisha Tengeru, akamwone dada yake mgonjwa.

"Baba, teksi ya nini? Nisubiri hapo hapo, nakuja kukuchukua."

Ukimuuliza kwa nini, anajikuna kichwa. "Mafundi wengi tuna tabia hiyo. Gari la mteja tunaliita gari la kujaribia. Unalijaribu mpaka sokoni, unalijaribu mpaka msibani."

Njiani Mzee Said aligusa kiti, akasema gari zuri, limetulia. Alhamdulillah moja ingetosha. Lakini ulimi hauna mfupa. Twahir akasema amelinunua mwezi uliopita. Kwa nani? Kwa kibibi kimoja cha Ngaramtoni. Na jamani, mtu akishaanza kuteremka mteremko huo breki hakuna.

"Kilikuwa hakijui hata kurudi nyuma, baba. Kinaendesha kama kinaswaga ng'ombe. Na ndani lilikuwa linanuka maziwa, nimeliosha siku mbili!"

Mzee Said akacheka sana. Wakati bado anacheka, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo, puu!

Kamera za aina hii hurekodi vipande vifupi vifupi, na kadi ikijaa hufuta vya zamani. Ila gari likipata mshtuko, kamera hudhani ni ajali, hukiweka kipande hicho pembeni na haikifuti tena. Huo mshtuko fundi ndiye anayeupangia kiwango, na Twahir, kwa kumjali Mwalimu, alikuwa ameiweka iwe nyepesi kushtuka.

Alirudi saa tisa na robo. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Twahir akamwambia alilipeleka mbele kidogo kulijaribu, akaunganisha kamera ya nyuma jasho likimtoka, akamkabidhi funguo. Kila siku hufuta rekodi za majaribio kabla ya kukabidhi. Siku hiyo alisahau.

"Limekusumbua, mwanangu?"

"Sana, Mwalimu."

Alipoondoka, Twahir alikunywa yale maziwa. Hili analisimulia akitazama chini. "Niliyanywa yote. Nilikuwa na njaa."

Jumapili, baada ya ibada, binti wa Mwalimu aitwaye Elinipa aliichukua ile kadi na kuiunganisha na televisheni, familia nzima ione shahidi wa mama anavyofanya kazi. Walikuwa watu tisa sebuleni. Kipande cha kwanza kufunguka kilikuwa kile kilichotunzwa pembeni. Barabara ya Tengeru ikatokea, na sauti ya Twahir ikajaa nyumba.

Kilipokwisha, mjukuu wa miaka sita akauliza, "Bibi, umeuza gari?"

Jumatatu Mwalimu akampigia fundi wake. Hakugomba. Alisema kuna kitu kwenye kamera hajui kukitumia. Twahir alifika akidhani ni hitilafu, akaamkia shikamoo, akawekewa chai ya maziwa. Kisha Mwalimu akampa simu yake, iliyounganishwa na kamera.

"Nifundishe kufuta hii rekodi," akasema. "Sitaki wajukuu waisikie tena."

Fundi akabonyeza kipande kicheze. Twahir akajisikia mwenyewe, mpaka kwenye maziwa, kikombe kikiwa mkononi.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Angenitukana ningepona. Yeye aliniuliza kama chai ina sukari ya kutosha."

Twahir alitoka nje. Aliporudi alikuwa ameshika majani mabichi aliyoyang'oa kando ya zizi. Kwa Waarusha, mtu akikujia na majani mkononi anaomba amani, na aliyekosewa hamfukuzi. Mwalimu akayapokea.

"Nimekusamehe la kwangu," akasema. "Lakini huyo mzee anayecheka humo bado anaamini. Hatutafuta leo. Njoo uifute ukishamwambia."

Siku kumi na moja zikapita. Twahir alimwambia Salha kwanza. Salha aliweka mkasi chini. "Mimi sikukuomba gari. Hapa cherehanini nimewaambia wenzangu nimepata mtu mkweli. Sasa niwaambie nini?"

Alhamisi iliyopita akaenda Themi, akakaa kwenye mkeka mbele ya Mzee Said, akasema yote. Mzee alisikiliza huku akifuta miwani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, baba?"

"Kwenye mfuko wa mlango kulikuwa na kitabu cha nyimbo za Kilutheri. Nikajisemea, ama huyu kijana kabadili dini, ama gari si lake."

Twahir hakujua acheke au alie. Kwa nini basi mzee hakusema kitu?

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Lakini na mimi sina pa kuficha uso, kijana. Nilijua gari ni la yule mama, na bado nikamcheka. Uongo ni wako, kicheko ni changu, na wajukuu zake wamekisikia. Nipeleke kwake."

"Na la posa, baba?"

"La posa tutaongea tukirudi."

Wamepanga kwenda Jumapili hii. Mwalimu amekubali, na wanawe wote watakuwepo. Mzee Said ameshanunua sukari kilo tano, maana kwa watu hakuendwi mikono mitupu.

Mwandishi alitangulia Ngaramtoni kumsikia Mwalimu mwenyewe. Gari lake lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Haliendeshi tena. Wiki ile ile ya kamera, mwanawe mkubwa, Lesian, aliona bampa ya nyuma imepondeka upande wa kushoto, akachukua funguo.

"Siku ile ya televisheni, iliposemwa sijui kurudi nyuma, nilimwona Lesian akizuia kucheka," alisema. "Hilo huwa wanalisema hata wao. Bampa ilipoonekana, nikaacha achukue funguo. Mimi sikumbuki kugonga kitu. Tuliangalia kamera, haina chochote. Basi nikasema labda kweli niligonga nisihisi. Uzee huo."

Sasa kanisani anapelekwa na wanawe, maziwa yanapelekwa na bodaboda. Alilisema hilo akicheka kidogo, kisha akainuka kwenda kuwapa ng'ombe majani ingawa muda wao ulikuwa bado.

Jioni, huko Sombetini, mwandishi alimpelekea Twahir habari hiyo kama mtu anayepeleka salamu. Alikuwa akikunja waya. Akaendelea kuukunja hata ulipokwisha.

"Wamemnyang'anya funguo?" akauliza.

Akakaa juu ya tairi. Solomoni alizima mashine yake, na safari hii hakukohoa.

"Pale Tengeru kuna geti jembamba," Twahir akaanza. "Mzee alikuwa ndani kwa dada yake. Nilikuwa narudi nyuma kwa haraka, saa zimekwisha, nikapiga nguzo. Kamera ya nyuma nilikuwa sijaiunganisha, na ya mbele ilikuwa ndiyo kwanza inawaka, haijaanza kurekodi, maana gari nilikuwa nimetoka kuliwasha. Niliporudi hapa nikaegesha, nyuma imeelekea ukutani, Mwalimu asipaone. Nilisema nitampigia nimwambie. Halafu likaja la televisheni, nikaona nikiongeza na hili nitakuwa si mtu kabisa."

Alifunika uso kwa viganja vyenye grisi.

"Nilishika majani mbele ya yule mama, akanisamehe, na hili nimelikalia. Hata Mzee Said sijamwambia. Mwalimu anatafuta shahidi, na shahidi ni mimi."

Uso umeumbwa na haya, wanasema wahenga, na uso wa Twahir jioni hiyo ulikuwa unalipa haya za mwezi mzima. Njia ya mwongo ni fupi, ila wapo wanaoikata kabla haijawafikisha mwisho, na hilo ndilo alilokuwa akilipima pale juu ya tairi. Angeweza kunyamaza. Hakuna kamera iliyoona. Solomoni alijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa.

Twahir akasimama, akasema mpango wake kwa kurudia rudia, kama mtoto anayekariri. Jumapili hatangoja chai. Ataomba wakae wote sebuleni, Lesian akiwemo, Mzee Said akiwemo, na yule mtoto wa miaka sita pia. Ataanza na bampa. Atainyoosha na kuipaka rangi kwa gharama yake, lakini kwanza ataomba funguo zirudi mkononi mwa mwenyewe, mbele ya macho yao.

"Posa ikikataliwa, imekataliwa," anasema. "Nitaumia, siwezi kukuongopea. Ila natamani nitoke pale nimemwona Mwalimu anaendesha."

Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akageuka.

"Gazeti lako linatoka lini?"

"Jumamosi."

Akasimama akihesabu siku, maji yakimtiririka viwikoni. Kisha akachukua simu yake juu ya boneti, akaipangusa kwenye shati na kulitafuta jina la Mwalimu.

"Basi Jumapili ni mbali," akasema, na akapiga.