Mkoba wa Truphosa Huachwa Mlangoni

Video ile bado inazunguka kwenye simu za watu, na kila inakopita imeandikwa maneno yale yale: binti wa Sitati wa Nakuru amlalia tapeli ili asichomwe. Mimi ni mjane wa kaka yake. Nimeyasikia kanisani, nimeyasikia sokoni, na nimechoka kuyasikia. Truphosa si mtu wa kujieleza. Kwa hiyo nitamweleza mimi, jinsi alivyo.

Baba mkwe wangu, mzee Sitati, alikuwa fundi wa reli, na Truphosa ndiye kitinda mimba wake. Alikuwa mpishi katika shule moja ndogo huko Lanet hadi ilipofungwa, kisha akaingia biashara ya mtandao, kuuza chai ya mitishamba na unga wa mikebe. Katika biashara hiyo unauza na pia unasajili wauzaji wengine chini yako, na aliyekusajili wewe hula jasho lako. Sikuipenda. Lakini nilimwona anavyoifanya. Akifika kwa mtu, huuacha mkoba wake nje, kando ya mlango. Huingia mikono mitupu, akasalimia, akauliza hali ya wagonjwa. Usipoutaja mkoba, naye hautaji. Ukiuliza, hutoka kwenda kuuchukua.

"Na mtu akikataa?" nilimwuliza siku moja.

"Si amekataa, Mama Celestine. Nitarudi tu kumsalimia."

Kwa namna hiyo milango ilimfungukia mpaka Molo, kwa mzee Kang'ethe, mkulima wa viazi. Mkewe, Mama Jamleck, ana ugonjwa wa sukari. Alipenda ile chai, na kila aliponunua Truphosa alimwambia: hii ni chai tu, sindano zako usiache.

Aliyemsajili Truphosa anaitwa Thuo, kijana wa suti na pete nene. Timu yake humwita Dayamondi, jina la cheo chake katika kampuni. Thuo aliona wateja wa Truphosa hawamhami, ila wananunua kidogo kidogo.

"Wewe unabembeleza," alimwambia. "Mtu akisema hapana, ujue hujamaliza kuongea." Akamshurutisha ampeleke kwa Mama Jamleck.

Siku hiyo mkoba haukubaki nje. Thuo aliubeba mwenyewe hadi ndani, akaubwaga mezani kati ya vikombe, kisha akavuta kiti akakaa akiuegemea mlango.

"Mama, mkebe huu asubuhi na jioni. Hizo sindano ndizo zinakuua. Sema ndio."

"Wacha kwanza nimwulize mzee."

"Mzee ndiye mwenye sukari? Unataka watoto wako wakuzike? Sema ndio!"

Truphosa akaingilia kati. "Mama Jamleck, usimsikilize. Hiyo si dawa. Msikilize daktari wako."

Thuo alicheka kana kwamba ni mzaha wa nyumbani. Ndani ya gari, kabla hawajafika lami, alimzaba Truphosa kofi la mgongo wa mkono. Mdomo ukapasuka kwa ile pete. "Usiwahi kuniaibisha mbele ya mteja!" Truphosa alishuka papo hapo, akatembea kwenye baridi ile hadi stendi, leso mdomoni. Mimi aliniambia ameanguka; ukweli nilikuja kuujua baadaye.

Alimpigia Mama Jamleck simu kumwonya tena. Lakini Thuo naye alikuwa na nambari hiyo. Alipiga asubuhi, akapiga jioni. Akarudi peke yake, akamwambia yule mama kwamba Truphosa amefukuzwa kwa sababu ya wivu. Mama Jamleck alikubali ili tu apate kupumzika, na Thuo akazitupa dawa zake chooni kwa mkono wake mwenyewe, akisema imani isiwe nusu nusu.

Jamleck, kifungua mimba wa nyumba ile, alimkuta mama yake sakafuni jikoni, hasemi, povu mdomoni. Walimkimbiza hospitalini nyuma ya pikapu, juu ya magunia. Kisha Jamleck akampigia Truphosa simu, Lanet.

"Mathe, kuja Molo uone kazi yenu."

Truphosa angeweza kuzima simu. Alienda.

Yaliyofuata nimeyasikia kwake na kwa wapakiaji wawili wa malori, na hawapingani. Siku hiyo hiyo Thuo alikuwa kwenye uwanja wa kupimia viazi, amepanda lori, anawafundisha wapakiaji kuitikia. "Sema ndio!" Nao, kwa kucheka, "Ndiooo!" Jamleck aliingia, akamshika tai, akamvuta chini kama gunia. Thuo aliangukia uso. Jamleck akaokota mpini wa jembe.

"Mama yangu yuko na mipira puani! Sema ndio!"

Pigo la kwanza lilivunja meno. Wapakiaji walipoelewa, waliacha viazi wakaja. Mateke, mawe, ndoano za magunia. Kila pigo na wimbo wake: "Sema ndio, boss! Sema ndio!" Mmoja alimmwagia unga wa mkebe kwenye jeraha la kichwa. "Jiponye basi, Dayamondi!" Damu na unga vikawa uji. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Tairi! Leteni tairi tumchome!" Likaja likibingirishwa.

Hapo ndipo Truphosa alipofika. Alipenya katikati ya miguu ya watu, wengine wakirekodi kwa simu, akajilaza juu ya Thuo, kifudifudi.

"Toka, mathe! Wewe ndiye ulimleta kwetu!"

"Ndiyo, nilimleta mimi. Nipige, halafu mumpeleke polisi."

"Toka!"

"Sitoki, Jamleck. Mama yako akiamka atauliza umefanya nini."

Mpini ulikuwa umeshapanda. Ulishuka. Mkono wa Truphosa ulilia kama kuni kavu, na kila aliyekuwa karibu alisikia. Jamleck alitazama alichofanya, mwanamke wa umri wa mama yake akitapika kwa uchungu juu ya mtu aliyempasua mdomo. Mpini ukamtoka mikononi. Tairi lilibaki pale pale hadi polisi walipokuja kumchukua Thuo.

Joash, shemeji yangu, aliitisha kikao cha ukoo kabla plasta mkononi mwa Truphosa haijakauka.

"Shemeji, tuseme tu wazi huyu si wa kwetu. Aliolewa, akaachika. Jina la mzee linachafuka."

"Jina la mzee?" nilimwuliza. "Wewe ungekuwa Molo siku ile, Joash, ungefanya nini?"

"Ningepita na njia yangu."

"Basi hilo ndilo la kuficha watu wasijue."

Hajanisalimia tangu siku hiyo, na nimeona naweza kuishi hivyo.

Mama Jamleck aliporudi nyumbani, Truphosa alitaka kwenda. Nilimsindikiza, kwa sababu sikujua mlango ule utafunguka au utatufungulia mbwa. Kampuni alikuwa ameshaihama. Mkobani alikuwa na majani ya chai ya kawaida tu, anayouza mwenyewe. Aliuweka chini, kando ya mlango, kwa mkono mzima. Akabisha.

Jamleck ndiye aliyefungua. Aliiona plasta, akatazama chini, akatupisha.

Mama Jamleck alikuwa amekaa karibu na jiko, amekonda, shuka begani. Walisalimiana kwa muda mrefu. Tulipewa chai isiyo na sukari. Ndipo akauliza, "Na mkoba?"

"Uko nje."

"Leo uache huko huko, Truphosa."

"Sawa, mama. Na usingizi, siku hizi unapata?"

Wakaendelea kuzungumzia usingizi. Mvua ya Molo ilipoanza kugonga mabati, Jamleck aliinuka bila kuambiwa, akatoka, akausogeza mkoba chini ya paa, akaufunika kwa gunia kavu.